HAKI YA KURA NA DAFTARI LA KARANI
Mafunzo kutoka historia ya Marekani

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunaipiga chapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mambo makubwa yaliyoigeuza Marekani katika siasa na katika maisha ya watu wake. Bahari hiyo ni pana, na mwenye kutaka kuivuka yote kwa usiku mmoja atazama. Kwa hivyo nimechagua mkondo mmoja tu, nao ni khabari ya haki ya kupiga kura ya watu weusi katika majimbo ya kusini. Nimeuchagua kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo kila mwanachama wa chama cha siasa yampasa alifahamu: haki inaweza kuandikwa katika katiba kwa wino mzuri kabisa, na mwenye haki hiyo akafa asiionje.

HAKI ILIKUJA, KISHA IKAONDOKA

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimalizika 1865, na mwaka ule ule utumwa ukapigwa marufuku katika nchi nzima kwa Rekebisho la 13 la Katiba. Mwaka 1868 Rekebisho la 14 likawafanya watumwa wa jana kuwa raia. Mwaka 1870 Rekebisho la 15 likasema kwamba raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake wala kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Wanaume weusi wakapiga kura kwa maelfu. Mwaka huo huo Hiram Revels, mtu mweusi, akaingia katika Baraza la Seneti kuliwakilisha jimbo la Mississippi. Aliyeyaona hayo angelidhani kwamba kazi imekwisha.

Haikwisha. Uchaguzi wa rais wa 1876 ulileta mzozo, na mwaka 1877 wakubwa wa vyama viwili wakaelewana. Rutherford Hayes wa chama cha Republican akapata urais, na majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakizilinda serikali za mwisho za kusini zilizotegemea kura za watu weusi yakarudishwa kambini. Waliopatana walikuwa wawili, na aliyelipa gharama alikuwa wa tatu, ambaye hakuwamo barazani.

Sasa tazameni ustadi wa wale waliotaka kuichukua kura bila ya kuligusa neno la Katiba. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi lilitunga katiba mpya. Hapana mahali palipoandikwa kwamba mtu mweusi asipige kura. Paliandikwa kwamba mpiga kura alipe kodi ya dola 2 kila mwaka, tena aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa aweze kukifasiri. Nani atakayeamua kama kafasiri sawasawa? Ni karani mwandikishaji, naye alikuwa Mzungu. Akija Mzungu asiyejua kusoma, karani alimchagulia kifungu chepesi. Akija mwalimu mweusi, alimchagulia kigumu, na jawabu lolote likawa si sahihi.

Louisiana nayo, mwaka 1898, ilitunga sharti la babu. Mtu ambaye baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867 alisamehewa mtihani. Katika Louisiana ya tarehe hiyo hapakuwa na babu mweusi mwenye kura. Mwaka 1896 watu weusi walioandikishwa katika jimbo hilo walikuwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Hapana aya iliyofutwa katika Rekebisho la 15. Lilikuwapo palepale, kamili, na watu wametoweka katika daftari.

Hali hiyo ilidumu kwa umri wa mtu mzima. Mwaka 1915 Mahkama ya Juu ililibatilisha sharti la babu, na mwaka 1944 ikabatilisha desturi ya kufanya kura za ndani za chama kuwa za Wazungu peke yao. Katika mawakili wa kesi hiyo ya pili alikuwamo Thurgood Marshall. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunapaswa kulikumbuka jina hilo, kwani ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya katika mkutano wa katiba huko Lancaster House, London, mwaka 1960. Mwaka 1920 Rekebisho la 19 liliwapa wanawake kura, lakini mwanamke mweusi wa kusini aliukuta mlango ule ule umefungwa, na karani yule yule kaketi nyuma ya meza.

USIKU MMOJA KATIKA MONTGOMERY

Watu wengi husimuliwa kwamba tarehe 1 Disemba 1955 Bibi Rosa Parks, mshonaji wa nguo katika mji wa Montgomery, Alabama, alikuwa amechoka, akakataa kumpisha Mzungu katika basi, na mambo yakabadilika. Kisa hicho kimepunguzwa sehemu yake yenye faida. Bibi Parks alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi kwa miaka mingi. Na katika mji ule palikuwa na Baraza la Siasa la Wanawake, ambalo lilikwisha waonya wakubwa wa mji tangu 1954 kwamba mabasi yatagomewa.

Bibi Parks alipokamatwa, mmoja katika viongozi wa baraza hilo, Bibi Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, aliingia chuoni usiku pamoja na wasaidizi wake, wakapiga chapa kwa mashine ya saiklostaili makaratasi kwa makumi ya maelfu, na kulipokucha yakagawanywa mitaani. Chuo kile kilikuwa mali ya jimbo, na lau angelijulikana angelipoteza kazi yake. Jumatatu tarehe 5 Disemba mabasi yalipita matupu. Yaliendelea kupita bila ya abiria weusi kwa muda wa siku 381. Watu walikwenda kwa miguu, walipakizana katika motokaa za wenzao, na viongozi wao walishtakiwa, na nyumba ya kasisi Martin Luther King ikatupiwa bomu. Mwisho Mahkama ya Juu ikaamua kwamba kubagua watu katika mabasi hayo ni kinyume cha Katiba.

Basi msiseme kwamba mwanamke mmoja alichoka. Semeni kwamba mwanamke mmoja alikataa, na nyuma yake palikuwa na watu waliokwisha jipanga.

VITI VIWILI

Nawaombeni sasa tufike Mississippi. Bibi Fannie Lou Hamer alizaliwa 1917, mtoto wa ishirini wa wakulima maskini wa pamba. Mwezi wa Agosti 1962 alikwenda pamoja na wenzake 17 katika mji wa Indianola kujiandikisha. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akifasiri, akashindwa, na aliporudi alifukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18. Alirudi tena kwa karani mpaka akafaulu. Mwezi wa Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona, akapigwa ndani ya jela kipigo kilichomwachia maumivu ya maisha. Katika wakati wa joto wa 1964 vijana kwa mamia walikwenda Mississippi kusaidia uandikishaji, na watatu katika waliokuwa wakiifanya kazi hiyo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, wakauawa tarehe 21 Juni.

Kwa kuwa chama cha Democratic cha jimbo kilikuwa kimewafungia nje, Bibi Hamer na wenzake waliunda chama chao, wakachagua wajumbe kwa utaratibu kamili, wakaenda katika mkutano mkuu wa Democratic huko Atlantic City, Agosti 1964, kudai viti vya Mississippi. Bibi Hamer alipokuwa akitoa ushahidi wake mbele ya televisheni, Rais Lyndon Johnson aliita waandishi wa khabari kwa haraka ili picha ziondolewe kwake. Jioni ile televisheni zikauonyesha ushahidi wake.

Wakubwa wakatoa sulhu: chukueni viti viwili, na sisi tutawatajia wa kuvikalia. Baadhi ya viongozi mashuhuri wa watu weusi walishauri zikubaliwe. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani mpinzani wa Johnson, Barry Goldwater, alikuwa ameipigia kura ya kuikataa Sharia ya Haki za Raia ya mwaka huo huo. Wajumbe wa Mississippi walikataa. Walisema kwamba hawakutoka mbali kiasi kile kwa ajili ya viti viwili.

Nani aliyekuwa sawa? Wenye busara wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Rai yangu ni hii. Chama kinaweza kupokea nusu ya haki yake na kisiaibike, maadamu nusu hiyo ni chake na kinaichukua kwa mkono wake mwenyewe. Kosa la sulhu ile halikuwa uchache wa viti peke yake. Kosa lilikuwa kwamba wa kuvikalia wangelichaguliwa na mtu mwingine. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa Chicago, ujumbe wa watu weusi na weupe, na Bibi Hamer akiwa mmoja wao, ulipewa viti vya Mississippi.

DARAJA LA SELMA

Katika mji wa Selma, Alabama, afisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Watu walisimama katika safu kutwa nzima, na jioni wakarudi kama walivyokuja. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 walitoka kwenda Montgomery kwa miguu, na katika daraja la Edmund Pettus wakapigwa marungu na kutupiwa moshi wa kutoa machozi na askari wa jimbo. Mmoja wa viongozi wao, kijana John Lewis, alivunjwa fuvu la kichwa. Ndiye yule ambaye mwaka 1963, mbele ya umati wa Washington, alisema kwamba kilio cha Afrika cha mtu mmoja kura moja ni lazima kiwe chao pia.

Taifa liliyaona hayo kwa macho. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Johnson alitia saini Sharia ya Haki ya Kura. Sharia hiyo haikutoa haki mpya, kwani haki ilikwisha andikwa tangu 1870. Ilimshughulikia karani. Iliondoa mitihani ya kusoma katika sehemu zilizokuwa na uonevu, iliruhusu serikali kuu ipeleke waandikishaji wake, na ikalazimisha sehemu hizo ziombe ruhusa kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi. Mississippi, ambako walioandikishwa walikuwa watu weusi 6.7 tu katika kila 100 wenye kustahiki, walifika karibu 60 katika kila 100 mwaka 1967.

UZITO WA KURA NA ULINZI WAKE

Mambo mawili yamebaki. La kwanza ni mipaka. Katika Alabama mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilikuwa haijagawanywa upya tangu 1901. Wilaya moja ya watu kama 15,000 ilikuwa na seneta mmoja wa jimbo, na nyingine ya watu zaidi ya 600,000 nayo ilikuwa na mmoja. Mwaka 1964 Mahkama ya Juu iliamua kwamba wabunge huwakilisha watu, hawawakilishi miti wala mashamba, na kwamba kura ya raia mmoja isizidi uzito kura ya mwenziwe. Watu wa visiwa hivi hawana haja ya kufasiriwa jambo hilo kwa urefu.

La pili ni ulinzi. Tarehe 25 Juni 2013 Mahkama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilibatilisha kifungu kilichotaja ni sehemu zipi zilazimike kuomba ruhusa. Hoja ilikuwa kwamba hali imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliyepinga alisema kwamba hiyo ni sawa na kuutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hurowi. Siku ile ile wakubwa wa Texas walitangaza kwamba sharia yao kali ya vitambulisho vya mpiga kura, iliyokuwa imezuiliwa, itaanza kutumika.

Ndugu zangu, tangu 1870 mpaka 2013 ni miaka 143, na katika muda huo wote ugomvi ulikuwa juu ya mambo manne: nani anayeshika daftari, nani anayechora mipaka, nani anayehisabu, na nani anayelinda. Mwenye kudhani kwamba hesabu ndogo si kitu akumbuke uchaguzi wa 2000, ambapo jimbo la Florida, na pamoja nalo urais, uliamuliwa kwa tafauti ya kura 537.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu weusi wa Louisiana waliujenga ukuta huo upya baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 60. Kwa hivyo mwanachama asiseme kwamba yeye ni mdogo, na kwamba kazi ya siasa ni ya viongozi. Karani huketi karibu na nyumba yenu, siyo karibu na nyumba ya kiongozi. Nendeni mkatazame kama majina yenu yamo, na majina ya mama zenu na jirani zenu, na lisilokuwamo liulizieni siku ile ile, kwa adabu na bila ya khofu, na kesho mrudi tena.