Salfa Inapita Mikumi

Msikilizaji wa Kilosa na Mikumi, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Mara nyingi tukiitaja tunataja wanyama wanaogongwa, na inafaa tuwataje. Leo naomba tutazame mizigo.

Kati ya malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, yamo yanayobeba salfa, ile ya manjano ambayo wakulima wa Mtwara hupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Kule Katanga, nchini Kongo, salfa huchomwa, na gesi yake hugeuzwa kuwa tindikali ya salfa inayotumika kuyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe ya migodini.

Salfa yenyewe si tindikali. Balaa lake ni moto. Ikiwaka hutoa gesi inayokereketa, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, hugeuka tindikali humo humo mwilini. Kujifunika kanga puani hakukuokoi. Ondoka, ukae upande upepo unakotoka.

Tindikali ya salfa iliyokolea nayo ina hatari yake. Haina rangi, uzito wake unakaribia mara 2 ya maji, na inavyomiminika utadhani mafuta ya kula. Hapo ndipo ninapoogopa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Je, siku likipinduka tangi la tindikali, nani atamwambia kijana mwenye dumu kwamba yale si mafuta?

Elimu hii haihitaji maabara. Mwalimu achukue juisi ya rosela, aigawe kwenye glasi mbili. Ya kwanza aikamulie limau: wekundu unakolea, maana limau ni tindikali. Ya pili aitie maji ya magadi, haya haya ya kulainishia maharage: wekundu unatoweka, juisi inaelekea samawati, kisha kijani. Magadi ni besi. Akiongeza limau kidogo kidogo kwenye glasi hiyo ya pili, povu linapanda na wekundu unarudi. Mtoto aliyeliona povu hilo ataelewa kipimo cha pH: maji safi ni 7, chini yake tindikali, juu yake besi, na kila hatua moja ni tofauti ya mara 10.

Ila asije mtu akampaka magadi aliyemwagikiwa tindikali! Tindikali na besi zikikutana hutoa joto, na magadi nayo huunguza. Dawa ya kwanza ni maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa. Kisha hospitali. Chokaa, ambayo nayo ni besi, waachiwe wataalamu, waimwage barabarani na mitaroni ili tindikali isifike Mto Mkata.

Sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwangu mimi hiyo haitoshi, kwa sababu wa kwanza kufika kwenye ajali ni bodaboda na mama lishe, na hao hawajawahi kusomewa sheria hiyo.

Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ibandike alama za hatari stendi ya Mikumi na kwenye kila ofisi ya kijiji kando ya barabara. Nawe msikilizaji, shika mbili: kibao cha umbo la almasi chenye namba 8, na picha ya matone yanayokula mkono na chuma, ni tindikali au kemikali nyingine inayounguza. Chenye mistari myekundu na myeupe na namba 4 ndicho cha salfa. Ukikiona kwenye gari lililopinduka, rudi nyuma, wazuie wenzako, piga simu Zimamoto, 114.