Mume Aliyepotea na Hesabu ya Miaka: Sheria Ndani ya Riwaya ya Taharuki



Mume akipotea riwayani, msomaji huuliza yuko wapi. Jioni ya leo naomba tuulize jambo kavu zaidi: amepotea kwa miaka mingapi? Nadai kwamba swali hilo la kisheria ndilo linaloiendesha Lady Audley's Secret, riwaya ya Mary Elizabeth Braddon iliyotoka London mwaka 1862 ikanunuliwa kama njugu.

George Talboys, kijana aliyeishiwa, anatoroka usiku, anamwachia mkewe Helen kikaratasi na mtoto mchanga, anakwenda Australia kutafuta dhahabu. Haandiki barua. Baada ya miaka mitatu na nusu anarudi na fedha zake, na gazetini anasoma kwamba mkewe amefariki. Hajafariki. Amebadili jina akajiita Miss Graham, kisha ameolewa na Sir Michael Audley, mzee mwenye mali, na sasa ndiye Lady Audley. Punde George mwenyewe anatoweka, na rafiki yake Robert, mpwa wa mzee huyo, anaanza kumtafuta.

Robert, kama Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ana kiko. Kufanana kwao kunakaribia kuishia hapo, maana Robert ni wakili mvivu anayeshinda akisoma riwaya za Kifaransa. Lakini mtazameni kazini. Katika shule alikowahi kufundisha Lady Audley, anaoneshwa kasha la kofia lililoachwa. Limebandikwa karatasi yenye jina la Miss Graham. Robert anaona kuna nyingine chini yake. Anaibandua ya juu taratibu asiichane ya chini, na hapo linatokea jina la Bi Talboys. Ushahidi mdogo kuliko huo wenye uzito kama huo sijauona katika riwaya za aina hii.

Wahakiki wengi husema siri ya Lady Audley ni wazimu aliourithi kwa mama yake, na mwenyewe ndivyo anavyoungama. Mimi sikubali. Daktari anayeitwa kumpima anaanza kwa kusema kwamba haoni wazimu katika aliyoyatenda: aliikimbia nyumba ya dhiki akatafuta iliyo bora. Ni baadaye ndipo anapogeuza kauli, na bibi anapelekwa Ubelgiji kufungiwa hadi kufa kwake.

Siri yenyewe iko kwenye kalenda. Sheria ya talaka ya Uingereza ya 1857 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama kumtelekeza kwa miaka 2. Kutelekezwa tu hakukumpa talaka. Sheria ya jinai ya 1861, ikirudia kanuni ya zamani, haikumwadhibu aliyefunga ndoa nyingine ikiwa mwenza wake hakusikika kwa miaka 7 mfululizo. Helen hakuwa na ushahidi wa uzinzi, na alipoolewa tena hata nusu ya miaka hiyo haikutimia. Si mke wala mjane. Ndipo akajiua kwenye karatasi.

Braddon hakuyabuni hayo hewani. Aliishi na mchapishaji John Maxwell, ambaye mkewe alikuwa amewekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na walioana mwaka 1874 tu, mke huyo alipofariki.

Kwetu je? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamdhania marehemu mwenza asiyesikika kwa miaka 5 na wale wanaotarajiwa kupata habari zake, mpaka uje ushahidi wa kupinga. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataja miaka 7. Basi mume aliyepotea kwa miaka 6 anaweza kuwa marehemu mbele ya mahakama ya Tanga, na huko Mombasa mkewe bado anaambiwa asubiri. Hapo pana wosia, shamba, mashemeji, na mchumba anayepiga hodi. Riwaya hiyo sijaisoma bado kwa Kiswahili. Wanafunzi wa uandishi mliokaa huko nyuma, iandikeni.