Mtaalamu wa Kwanza ni Jirani

(Hotuba iliyosomwa na Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya wanachama, Uru, Moshi)



Mwenyekiti amenipa jambo zito la kusema: ugaidi na usalama wa mataifa. Wako walioguna waliposikia, wakasema, "Hayo ni ya New York na Geneva, na wataalamu wake wapo. Sisi wa migombani yatuhusu nini?" Hao ndio nataka kuwajibu.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, watu wakiwa kazini, mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na moja Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam walikufa 11, na katika hao 11 hamkuwamo Mmarekani hata mmoja. Wenye ugomvi walikuwa mbali. Waliozikwa walikuwa watu wetu. Hiyo ndiyo tabia ya gaidi. Husema anapigana na mkubwa, lakini humwua mlinzi wa lango na mpita njia.

Wala msidhani jambo hili lilianza mwaka huo. Tarehe 3 Februari 1969, Ndugu Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa katika kifurushi. Aliyekimbilia kwetu kupigania uhuru wa nchi yake alifuatwa mpaka mezani pake.

Sasa niwataje wataalamu. Julai 1999 nchi za Afrika, zikikutana Algiers, zilipitisha mkataba wa kuzuia na kupiga vita ugaidi. Septemba 2001, baada ya msiba wa New York na Washington, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373, likizitaka nchi zote zizibe njia za fedha za magaidi na zisiwape maficho. Mwaka 2002 Bunge letu likatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Haya ni mema, wala siwadharau wataalamu. Mtaalamu aweza kuifuata fedha kutoka benki moja mpaka nyingine, na aweza kuyachunguza majivu akajua bomu lilikuwa la namna gani. Lakini mara nyingi hufika moto umekwisha waka. Katika kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001, ilielezwa kwamba bomu la Dar es Salaam lilitayarishwa katika nyumba ya kupanga, Ilala. Si porini, wala si pangoni. Ilala, penye majirani pande zote! Siwalaumu majirani wale, maana siku zile nani angewaza jambo kama hilo? Lakini leo sisi twajua, na asiyejali baada ya kujua ana lawama.

Ndugu zangu, nilikuwa bado shuleni tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Katika waliotiwa hatiani kwa kula njama hiyo alikuwamo kijana wa Kitanzania, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 2019 alifungwa maisha. Tangu hapo, kila niingiapo darasani hujiuliza: mwalimu wake alikuwa wapi? Rafiki zake je? Kijana haamki asubuhi moja akawa gaidi. Huanza kwa kujitenga, na yuko mtu anayemtafuta, siku hizi kwa simu, akimwahidi kazi na heshima.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wake mwaka 2023, baada ya kuwahoji watu katika nchi 8 za Afrika. Katika wale waliojiunga kwa hiari yao, robo nzima walitaja ukosefu wa kazi kuwa sababu kubwa. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17 tu. Tena wengi waliosema kuna tukio lililowasukuma, walitaja uonevu: ndugu yao kuuawa au kukamatwa na vyombo vya dola.

Hapa nitasema neno ambalo halitampendeza kila mtu. Tarehe 5 Mei 2013, bomu lilitupwa kanisani Olasiti, Arusha, watu 3 wakafa. Wengi wetu tuna jamaa Arusha, tukaumia sana. Lakini mpaka leo nasikia, hata hapa Uru penye kata ya mbege, mtu akisema, "Dini ile ndiyo ya magaidi." Huo ni uongo. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu liliua watu zaidi ya 500 Mogadishu, na karibu wote walikuwa Waislamu. Ukimtenga jirani yako Mwislamu, umemfanyia gaidi kazi yake bure.

Tena jina hili la gaidi tusilitupe ovyo. Wakoloni waliwaita hivyo wapigania uhuru wa Kenya, na mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa siku zile. Nelson Mandela alikuwamo katika orodha ya Marekani ya magaidi mpaka mwaka 2008. Hapa kwetu, mwaka 2021 Ndugu Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani, alishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, na tarehe 4 Machi 2022 mashtaka yakaondolewa. Sheria kali yahitaji mkono wenye haki. Mwananchi akiona kuwa jina hilo hubandikwa mtu yeyote, siku atakapomwona gaidi wa kweli hatasema neno.

Basi tufanye nini? Nawaomba mambo matatu. Kwanza, anayepangisha chumba amjue mpangaji wake na ampeleke kwa balozi wa nyumba kumi, si kwa kumshuku, bali kwa kumkaribisha. Pili, kijana akiahidiwa kazi ya mbali, wazazi waulize: nani anakuita, wapi, kwa mshahara gani? Asiondoke mpaka majibu yamepatikana. Tatu, tukitoa taarifa, tutaje kitendo tulichokiona kwa macho, tusitaje dini ya mtu, wala kabila lake, wala chama chake.

Wazee, ninyi mwajua mifereji yetu. Maji hayafiki kihambani kwa sababu fundi mmoja hodari amekaa mjini. Hufika kwa sababu kila mmoja hutoka na jembe lake siku ya kuuzibua, na anayeona ufa hupiga kelele mapema. Usalama nao ni hivyo hivyo. Tuwaachie wataalamu kazi yao, lakini zamu yetu tusiikimbie.