Kumpata Mtaalamu wa Tiba kwa Vitendo Ukiwa Mji Mdogo

Baba amepata kiharusi, ametoka hospitali, anatembea kidogo. Lakini kufunga vifungo vya shati hawezi, kijiko kinamponyoka. Hapo ndipo anahitajika mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemfundisha mgonjwa kufanya tena mambo yake ya kila siku.

Tuseme mnaishi mji mdogo kama Same. Msianze kuzungukia maduka ya dawa. Nendeni hospitali ya wilaya, muulizie huduma za utengamao, yaani za kumrejeshea mgonjwa uwezo wake. Asipokuwepo mtaalamu, daktari awaandikie rufaa. Hospitali ya KCMC, pale Moshi, wanatoa tiba hii, tena wanafundisha wataalamu wake. Nauli na gharama zikiwalemea, muoneni afisa ustawi wa jamii. Ni kazi yake, msimwonee haya.

Mkifika kwa mtaalamu, msiseme tu "mkono hauna nguvu." Semeni baba anashindwa nini: kuoga, kula, kuvaa kanzu. Na anayemhudumia nyumbani ndiye aende naye, si yule mwenye nafasi siku hiyo. Mwombeni mtaalamu awape mazoezi ya nyumbani, maana safari za kila wiki wengi hatuziwezi.

Mkisubiri miadi, mvalisheni shati kuanzia mkono dhaifu. Akivua, aanze mkono mzima. Mpini wa kijiko uzungushieni kitambaa unenepe, aushike vizuri. Na jamani, msimnyanyue kwa kuuvuta ule mkono dhaifu! Bega linaumia.