Kushiba Haitoshi: Mazungumzo na Wamama juu ya Vitamini na Madini

Wenye mimba, wenye kunyonyesha, na ninyi bibi wenye kuleta wajukuu, mukae. Mbele ya kupandisha watoto kwenye mizani, tuongee kidogo.

Nitawauliza swali moja. Jana usiku mtoto wako alikula nini? Ninajua jibu ya wengi: "Alikula bugali, akashiba, akalala." Ni vizuri. Hakuna mama anayefurahi kuona mtoto analala na njaa. Lakini leo tuangalie jambo hili: mtoto anaweza kushiba kila siku, na mwili wake ukabaki na njaa. Tumbo limejaa, lakini macho, damu na mifupa havikupata kitu.

Mama mmoja na watoto wake wawili

Mama mmoja alileta mtoto wa miaka mitatu. Mchana mtoto huyo alicheza sawa wenzake. Lakini jua likizama alianza kujigonga. Alipiga mguu kwenye mafiga, alitafuta sahani kwa kupapasa, na akiitwa alikaa pale pale analia. Majirani walisema ni ulozi. Mama akazunguka naye huku na huku kutafuta mwenye kumroga, na mbuzi wa nyumba akauzwa katika safari hizo.

Tulimwuliza juu ya chakula. Akajibu, "Kwetu hatukosi. Bugali iko kila siku." Na shambani iko nini? "Iko mapapai, iko lengalenga, iko mawese tunayokamua. Lakini hivyo ninapeleka sokoni, nipate feza ya sabuni na ya masomo."

Basi tukajua. Hakukuwa ulozi. Mtoto alikosa vitamini A. Tulimpa dawa siku ile, tukampa tena kesho yake, na mara ya tatu nyuma ya juma mbili. Juma la kwanza halijaisha, mtoto alikuwa akitembea jioni bila kushikwa mkono. Lakini dada yake mkubwa, aliyepata surua mwaka wa mbele, alikuwa amekwisha kupoteza jicho moja. Hilo halikurudi. Wamama, jicho lililokufa hatuna dawa ya kulifufua. Na dawa ya kulilinda ilikuwa katika kitunga, juu ya kichwa cha mama, ikienda sokoni.

Vitamini na madini ni nini?

Munajua ya kama vyakula viko vya namna tatu. Bugali, mihogo, mchele, ndizi na viazi vinatia nguvu. Maharagi, karanga, soya, samaki, mayai, nyama na maziwa vinajenga mwili. Mboga za majani na matunda vinalinda mwili. Vitamini na madini viko ndani ya vyakula vingi, lakini sana sana katika hivi vya kulinda na katika vile vya wanyama na samaki.

Mukisikia neno madini, musifikiri zahabu na kasiteriti. Hapa tunaongea madini ya mwili: chuma ya damu, iyodi, kalsiumu ya mifupa, na mengine. Mwili unayataka kidogo tu. Lakini angalia nyumba ya mabati. Miti ni mingi, mabati ni mengi, misumari ni kidogo. Ondoa ile misumari, halafu ungojee upepo wa kwanza. Vitamini na madini ni misumari ya mwili. Na upepo ni surua, ni malaria, ni kuhara, ni siku ya kuzaa.

1. Macho: vitamini A

Mtoto akikosa vitamini A, alama ya kwanza ni kutoona vizuri jioni. Kisha jicho linakauka, halingai tena. Mwisho linapata kidonda na kupasuka. Tena si macho peke yake: mtoto huyo hana ukuta mbele ya magonjwa. Surua inamaliza vitamini A ya mwili kwa haraka sana, ndiyo sababu watoto wengi walipofuka nyuma ya surua. Chanjo ya surua inaanza kwa miezi 9. Usiikose.

Vitamini A iko wapi? Iko katika mawese mekundu. Ile rangi ndiyo inaonyesha. Iko katika papai na embe yenye kuiva, katika karoti, katika maboga ya manjano, katika viazi vitamu ambavyo ndani viko na rangi ya machungwa. Iko katika majani mabichi: sombe, lengalenga, matembele. Iko katika kiini cha yai na katika maini. Na iko katika maziwa ya mama.

Lakini angalia jambo moja. Wengi wetu tunachoma mawese juu ya moto mpaka yatoe moshi na yawe meupe, eti yapoteze harufu. Rangi ikiondoka, vitamini imeondoka nayo. Pasha mawese kidogo tu, au yatie kwenye mboga wakati inapoiva. Kijiko kimoja katika sahani ya mtoto kinatosha. Na mafuta hayo yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya majani.

Kila miezi sita watoto wa miezi 6 mpaka miaka mitano wanapewa vitamini A: kidonge cha bluu kwa wale hawajafika mwaka mmoja, chekundu kwa wakubwa. Inatiwa mdomoni. Haiko dawa ya kutia machoni. Tena usimpeleke mtoto mara mbili kwa siku hizo ukifikiri atapata nguvu zaidi, kwa sababu ikizidi inamdhuru. Onyesha kartasi yake, mwuguzi ataandika. Na wewe mwenye mimba, usimeze kidonge cha mtoto.

2. Damu: chuma

Wewe mwenye mimba, unapanda mlima wa kwenda kuteka maji, roho inapiga mbio, kichwa kinazunguka, unapumzika mara nne. Unasema, "Ni mimba tu." Angalia kiganja chako na ndani ya jicho lako. Ikiwa ni nyeupe, damu ni kidogo. Siku ya kuzaa kila mama anapoteza damu. Mwenye damu nyingi anaamka, anaomba uji. Mwenye damu kidogo anaweza kufa kwa damu ile ile ambayo mwenzake alipoteza bila shida. Na mtoto wake anazaliwa na akiba kidogo.

Chuma iko katika nyama, maini, samaki, maharagi na majani mabichi. Ile ya maharagi na majani inaingia mwilini kwa shida. Inataka msaidizi, naye ni vitamini C. Kula ndimu, chungwa, papai au mapera pamoja na chakula. Mapera, haya watoto wanaokota njiani, yanashinda hata machungwa kwa vitamini C. Lakini chai na kahawa vinazuia chuma. Ukitaka kunywa, ngoja saa moja au mbili nyuma ya chakula.

Vidonge vya damu tunavyowapa ni chuma pamoja na asidi foliki, ambayo inasaidia kutengeneza damu na inamlinda mtoto tumboni. Meza kimoja kila siku. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni ile chuma. Kama inakutapisha, meza jioni nyuma ya kula. Wengine wanaficha vidonge chini ya mto, wanatuambia wamemeza. Mama, haudanganyi mwuguzi, unadanganya damu yako.

Tena usisahau wezi wa damu. Malaria inaharibu damu, na minyoo inainyonya. Lala ndani ya chandarua wewe na mtoto, tumia choo, vaa viatu shambani, na uchukue dawa ya minyoo wakati tunapokupa.

Wengine wanasema mwenye mimba asile mayai, wengine wanamkataza kuku au samaki fulani. Wanaomkataza hawatamsaidia kusukuma siku ya uchungu. Kula, mama. Yai ni chakula chema kwako na kwa mtoto.

3. Shingo na akili: iyodi

Munaona watu wenye uvimbe mbele ya shingo. Hiyo ni rovu. Inatoka kwa kukosa iyodi. Katika milima yetu mvua imeosha udongo kwa miaka mingi, na iyodi iliyobaki ni kidogo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga walichunguza jambo hili katika miaka ya 1960, wakakuta rovu kwa watu wengi sana.

Rovu inaonekana, lakini ubaya mkubwa umejificha. Mama mwenye mimba akikosa iyodi sana, mtoto anaweza kuzaliwa bubu na kiziwi, akabaki mfupi, akili nzito. Jambo hilo likikwisha kutokea, halitengenezwi tena.

Dawa yake ni chumvi. Tangu miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi yenye kuuzwa katika nchi yetu itiwe iyodi. Nunua ile, si nyingine. Iweke katika kopo lenye kufunikwa, mbali na moto na jua. Itie katika mboga mwisho, wakati unapotaka kuepua. Haina lazima ya kuongeza chumvi nyingi. Ile ya kila siku inatosha.

Na mihogo? Mihogo michungu iko na sumu, na sumu hiyo inazuia iyodi kufanya kazi katika mwili. Loweka siku tatu, anika vizuri, kisha usage. Hata kama feza inahitajika leo, usifupishe siku za kuloweka.

4. Mifupa na meno

Mifupa inataka kalsiumu. Maziwa yanayo, lakini si kila nyumba iko na ng'ombe. Basi tazama samaki wadogo. Ndagala wa ziwa Tanganyika, na sambaza wa ziwa Kivu, ambao waliletwa kutoka Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, wanaliwa mzima pamoja na mifupa yao. Fungu dogo la ndagala wakavu linasaidia mtoto kuliko soda na biskuti za bei ile ile. Watwange wawe unga, uchunge, utie kijiko kimoja katika uji wa mtoto.

5. Namna ya kupika

Vitamini nyingine zinakimbia moto na maji. Lengalenga na matembele: osha mbele ya kukata, si nyuma. Pika kwa muda mfupi, funika sufuria, na usimwage ule mchuzi.

Sombe haifuati sheria hiyo. Sombe mbichi iko na sumu sawa mihogo. Twanga sana, chemsha muda mrefu na sufuria wazi, sumu itoke na mvuke. Lakini vitamini C yake inakufa katika moto huo. Kwa hiyo mule tunda siku ile.

6. Mtoto mdogo anaanza lini?

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji. Kufika miezi sita, endelea kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, na uanze uji mzito. Uji wa unga na maji tu ni wa kushibisha. Utie unga wa soya au wa karanga, unga wa ndagala, kijiko cha mawese, na baadaye majani yenye kupondwa laini. Mpe papai kwa kijiko. Mtoto mgonjwa asinyimwe chakula. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi.

Nyumba kwanza, soko nyuma

Ninajua mutasema, "Mwuguzi, feza ya masomo itatoka wapi?" Sikatai. Uza. Lakini mbele ya kufunga mzigo, tenga sehemu ya nyumba. Mapapai kumi: mawili yabaki. Kuku ametaga mayai sita: mawili ya watoto na ya mwenye mimba. Chupa tano za mawese: moja ibaki. Ongea na bwana yako usiku, mbele ya siku ya soko, ajue sababu. Mwambie juu ya jicho la yule mtoto. Bwana anayejua sababu hatauliza kwa nini feza imepungua kidogo.

Na mwenye kupanga nyumba mjini, asiye na shamba? Panda lengalenga nyuma ya nyumba, hata katika gunia la udongo. Mwagia maji ya kuosha vyombo. Haikawii, nyuma ya juma chache unachuma.

Basi leo jioni, ukifika nyumbani, angalia sahani ya mtoto. Kama ni nyeupe tupu, bugali na maji ya chumvi, tia rangi: kijani ya majani, nyekundu ya mawese, manjano ya papai. Na kama mtoto wako anajigonga jioni, usingoje, usizunguke. Mlete kesho asubuhi.

Tujibu pamoja mbele ya kupima

Kwa nini mtoto anaweza kushiba na bado akakosa? Mawese yakichomwa mpaka yawe meupe, kunabaki nini? Nani anasaidia chuma ya maharagi kuingia mwilini? Chumvi inatiwa wakati gani? Na wewe, siku ya soko, utatenga nini?

Haya, mama wa kwanza, lete mtoto kwenye mizani.