Kijana, Ukianguka Leo Nani Atalipa?

(Mada iliyosomwa kwa vijana kwenye mkutano wa tawi, jijini Dar es Salaam. Tunaichapa kama ilivyotolewa.)

Ndugu zangu vijana,

Nimeombwa nizungumzie mfumo wa afya wa nchi yetu. Najua wapo waliokwishaanza kunong'ona: "Kaka, sisi wazima, tuzungumzie ajira." Subirini kidogo. Ninachokuja kuzungumzia kipo ndani ya mfuko wa suruali yako.

Mdogo wangu aligongwa na pikipiki usiku. Tukambeba mpaka hospitali ambayo sitaitaja. Mlangoni tukaulizwa mambo mawili: PF3 ya polisi iko wapi, na pesa iko wapi. Mguu umevunjika, mtu analia kama mtoto. Kijiwe kizima tukakung'uta mifuko, ikapatikana elfu arobaini na kitu. Haikutosha hata kuanzia. Wiki ile ile mama akauza cherehani yake. Mguu ulipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama hajashona tena mpaka leo.

Swali langu ni hilo tu. Nchi yenye wizara ya afya, yenye mfuko wa bima, yenye hospitali za rufaa, inakuwaje mguu wa kijana ulipiwe kwa cherehani ya mama yake?

BURE ILIYOKUWA BURE

Tuanze nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilieneza zahanati vijijini na matibabu ya serikali yakawa bure. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali za binafsi za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Kazi ile ilikuwa kubwa na aliyeifanya apewe haki yake.

Lakini hakuna dawa inayoota mtini. Bure ile ililipwa kwa kodi, kwa pamba na kahawa ya mkulima, na kwa fedha za wafadhili. Uchumi ulipoyumba miaka ya 80, zahanati zikabaki na nesi, ukuta na kabati tupu. Unatibiwa bure, unaandikiwa cheti bure, unarudi nyumbani bure na homa yako.

Mwaka 1991 milango ikafunguliwa tena kwa hospitali za binafsi. Julai 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia hospitali kubwa na kushuka chini hatua kwa hatua.

Ndugu zangu, neno hilo "kuchangia" lilituzuga. Sisi tunajua kuchangia. Harusi tunachangia, msiba tunachangia. Kila mtu anatoa alichonacho, wengi wanambeba mmoja. Dirishani hospitali unalipa peke yako, tena siku ile ambayo huna nguvu ya kwenda kutafuta. Huko ni kununua, na muuzaji anajua huwezi kwenda duka la pili.

NANI YUMO KWENYE ORODHA?

Serikali ilisema wapo watakaosamehewa. Mama wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wenye kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa mengine ya muda mrefu. Vizuri.

Kwa watumishi wa umma ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3. Tuseme mwalimu anapata 600,000 kwa mwezi. Atakatwa 18,000, serikali itaweka 18,000 nyingine, na kadi itamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Vizuri pia.

Kwa wakulima ukaletwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulijaribiwa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Kaya ilitoa kiasi kidogo kwa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kile kile. Wenyewe wakauita tele kwa tele.

Sasa jitazame wewe. Huna mimba. Umepita miaka mitano, hujafika 60. Si mtumishi wa umma, na shamba liko kwa babu yako. Wewe ni konda, fundi gereji, mmachinga, dereva wa bodaboda. Hesabu iliyokuweka wewe haikuwepo.

Na hapo ndipo uone maajabu. Wale waliosamehewa nani anawalipia? Bibi anapewa msamaha wa kumwona daktari, halafu anaambiwa dawa hakuna, nunueni nje. Dada anakwenda kujifungua, anaambiwa aje na glovu na nyembe. Simu inapigwa kwa nani? Inapigwa kwako! Wewe usiye na bima ndiye bima ya ukoo mzima.

TUSEME NA YALE MAZURI

Mpinzani anayekataa kuliona jua atachekwa na jua lenyewe. Mpango wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na majengo mengi yamejengwa. Utafiti wa kitaifa wa 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Ni watoto walio hai, si maneno ya jukwaani. Na tangu mwaka 2015 tunayo taasisi yetu ya moyo pale Muhimbili, inayopasua wagonjwa ambao zamani tungewachangia nauli ya India.

Ila tuulize fedha zinatoka wapi. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Sisi hatujaifikia. Sehemu kubwa ya dawa za UKIMWI imekuwa ikinunuliwa na wafadhili, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi nyumba inavyotikisika ukiegemea nguzo ya jirani.

WANAKUHITAJI

Mwaka 2022, muswada wa bima kwa wote ulipopelekwa Bungeni, serikali yenyewe ilisema wenye bima ni kama asilimia 15 tu ya Watanzania. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wazo lenyewe silipingi. Bima ndiyo kuchangia kwenyewe, ule wa harusi, uliohamia hospitali.

Lakini sikilizeni jinsi bima inavyofanya kazi. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko unakauka. Ndiyo maana mwaka 2023 Mfuko ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, ukisema wazazi wanaleta walio wagonjwa tu. Kelele zikapigwa, baadaye kadi ikarudi kwa sura nyingine. Machi 2024 baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zikagoma kuwapokea wenye kadi kwa kugombea bei mpya. Mtu amekatwa mshahara miaka nenda rudi, anafika mlangoni anaambiwa kadi yako leo haisomi!

Mfuko usikauke unahitaji watu wengi wazima wanaolipa na hawaugui mara kwa mara. Nani hao? Ni ninyi mliokaa hapa. Miaka yote hiyo hawakuwaona, sasa wanawahitaji. Mwenye kuhitajiwa ana haki ya kuweka masharti.

Sharti la kwanza, kima cha kujiunga kilipike kidogo kidogo. Anayepata pesa kwa siku hawezi kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo. La pili, asiye na kitu kabisa alipiwe na serikali, na utaratibu wa kumtambua usiwe wa kubembeleza mwenyekiti wa mtaa. La tatu, dawa ziwe dirishani, maana kadi bila dawa ni picha yako tu. La nne, aliyeumia atibiwe kwanza, karatasi za polisi zifuate. La tano, Mkaguzi Mkuu anapotoa hesabu za Mfuko, zisomwe hadharani na wananchi waelezwe.

Na ninyi msikae mkisubiri. Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wajumbe wa wananchi. Nani kati yenu anajua mjumbe wake? Ombeni kuingia. Ulizeni bei zimebandikwa wapi. Daini risiti kila mnapolipa. Mgonjwa asiye na uwezo mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii pale pale hospitali, msiishie kulalamika kwenye benchi.

Namaliza. Kijiwe chetu kina kamati ya harusi, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ole wako usipotoa. Mtu akifa tunakodi turubai siku hiyo hiyo. Aliye hai anaumwa, tunamwambia pole. Siku mdogo wangu alipoanguka, mchango ule ule wa turubai ungeiokoa cherehani ya mama.