Barafu ya Ikweta: Ruwenzori na Mlima Arsia wa Mirihi



Ruwenzori tunayoitazama kutoka Beni ina mita 5,109, na Nyiragongo iliyomwaga lava mwaka 2021 iko kusini yetu. Yote miwili ni milima ya bonde la ufa, lakini asili zake ni mbalimbali. Nyiragongo imejengwa na lava yake yenyewe. Ruwenzori ni pande la miamba ya kale lililosukumwa juu na nyufa za ardhi. Sisi tunaweza kuokota jiwe na kulichunguza. Anayechunguza Mirihi, mara nyingi ana picha tu. Kwa hiyo hutafuta alama ambayo kisababishi kimoja huiacha na vingine haviwezi.

Chukueni Arsia, volkeno ya Mirihi iliyo karibu na ikweta ya sayari hiyo. Magharibi yake kumetandazwa uwanja mkubwa wa mawe wenye matuta membamba yaliyopangana. Wengine walisema ni maporomoko, wengine majivu ya volkeno, wengine barafu. Barafu katika ikweta si neno geni kwetu: ng'ambo ya Ruwenzori, katika bonde la Mubuku huko Uganda, barafu ya zamani iliacha matuta ya mawe hadi mwinuko wa mita 2,000 hivi, ambako leo ni msitu.

Mwaka 2003 wanajiolojia James Head na David Marchant walitazama kilicho chini ya matuta ya Arsia. Yanapita juu ya lava ya zamani bila kuivuruga. Maporomoko yangeifukia au kuivunja. Hata barafu ya Ruwenzori, inayoteleza juu ya maji yake, ingeuparura mwamba. Lakini katika mabonde makavu ya Antaktika, ambako Marchant alikuwa mzoefu, kuna barafu iliyogandamana na mwamba. Sehemu ya juu husogea, ya chini hubaki palepale, na inapokwisha huyalaza mawe taratibu.

Mwaka 2006 mwanasayansi François Forget na wenzake walikokotoa hali ya hewa ya Mirihi yenye mhimili ulioinama nyuzi 45, si 25 za leo. Barafu ikarundikana magharibi mwa Arsia na volkeno jirani zake. Hesabu ile haikuelekezwa matuta yako wapi. Ndiyo maana naithamini kuliko picha yoyote.

Umbo peke yake hupotosha. Makorongo ya Mirihi yaliyotangazwa mwaka 2000 yalifanana mno na kazi ya maji. Picha za miaka iliyofuata zilionyesha yakibadilika majira ya baridi, wakati wa jalidi ya hewa ya ukaa, kwenye baridi isiyoruhusu maji kutiririka.

Kwa hiyo, ili tusidanganywe na umbo, napendekeza tuanze na makorongo ya Butembo. Tupime mwinamo, kina na ukubwa wa mawe yaliyolala mdomoni, kabla na baada ya mvua, kisha tulinganishe na picha za Mirihi, ambazo zimeachwa wazi kwa kila mtu.